Anza na Kinachogusa Lami

Mwezi uliopita mpwa wangu anayeishi Ohio alinitumia picha ya rimu nne za inchi 20, nyeusi zenye kung'aa, bado zimo kwenye maboksi yake. Amepata Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970, gari alilolitamani tangu akiwa mvulana, na sasa limekaa juu ya stendi gerejini kwake likiwa halina hata tairi moja. "Shikamoo mjomba," aliniandikia. "Nimeanza na rimu. Zina matundu matano kama gari lenyewe. Niambie sasa nitafute matairi gani, na springi nizishushe kwa kiasi gani."

Nikamwambia marahaba, hebu zigeuze unisomee kilichochorwa kwa nyuma. Akasoma: 5x120, yaani matundu matano kwenye duara la milimita 120. Hizo ni rimu zilizotengenezwa kwa ajili ya gari la Kijerumani. Stadi za Chevelle, boliti zinazoishika rimu, zimepangwa kwenye duara la inchi 4 na robo tatu, yaani milimita 120.65. Tofauti haifiki hata milimita moja, na hapo ndipo hatari inapojificha. Kama zingetofautiana kwa sentimita moja, rimu ingekataa kuingia na mambo yangeishia hapo. Kwa tofauti hii ndogo rimu itaingia, nati zitakaza, gari litatoka nje na watu watalisifu. Lakini kichwa cha nati, ambacho kimechongwa kama pia ili kijikalishe katikati ya tundu, kitakuwa kimeegemea upande mmoja tu. Kila shimo na kila kona itakitikisa kidogo, na baada ya muda nati zitaanza kulegea moja baada ya nyingine.

Tulizungumza kwa simu hadi usiku, na nilipokata nikaona bado sijamaliza. Maswali ya namna hii hunifikia pia kutoka Dar es Salaam na Mombasa, kutoka kwa vijana wenye Toyota Mark II na Peugeot za zamani, na karibu yote huanza na rimu. Mimi nimeifanya kazi ya matairi tangu ujana, kwanza Korogwe kisha Michigan, na kila nilichojifunza kinanielekeza kinyume: uchaguzi uanze na tairi, uende kwenye viungo vinavyolishika tairi, na rimu iwe ya mwisho.

Baba alikuwa na gereji kando ya barabara kuu, Korogwe, pale malori ya mkonge yalipokuwa yakipita kwenda Tanga. Hakuwa na mashine ya alaimenti wala ya balansi. Alikuwa na kiganja chake. Gari likiletwa kwa malalamiko ya kuvuta upande mmoja, hakugusa spana kwanza. Alichuchumaa mbele ya tairi, akapitisha kiganja juu ya kashata, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Kiganja kikipita laini upande mmoja na kukwaruza kikirudi, alijua matairi ya mbele yanatazamana vibaya, na mara nyingi tairodi ndiyo imepinda au imelegea. Tairi lililoliwa kingo zote mbili limeendeshwa kwa upepo mdogo. Lililoliwa katikati limejazwa kupita kiasi. Lenye mabonde mabonde kuzunguka duara lake lote lina shokapu iliyokufa, kwa sababu tairi limekuwa likiruka juu ya barabara badala ya kuikanyaga. Lililoliwa ukingo wa ndani peke yake lilimfanya aingie chini ya gari na tochi kutafuta bushi zilizokwisha au amu iliyopinda.

Nilimuuliza siku moja kwa nini hatazami usukani kwanza, maana mwenye gari amelalamikia usukani. Akanijibu, "Usukani unasimuliwa. Tairi ndilo lililokuwepo." Jibu hilo nimelibeba mpaka Marekani.

Yeye ndiye aliyenisimulia pia habari za Safari Rally ya mwaka 1964, ambayo naye alisimuliwa na madereva wa malori. Mwaka huo Wamarekani walileta timu ya magari sita ya Mercury Comet, yenye injini za V8, yameimarishwa chini na kuandaliwa kwa fedha nyingi kuja kushindana kwenye tope na vumbi la Afrika Mashariki. Aliyeshinda ni Ford Cortina GT, gari dogo la Uingereza, likiendeshwa na Peter Hughes, na katika zile Comet sita mbili tu ndizo zilizofika mwisho. Baba hakuisimulia habari hiyo kwa kuwacheka. Alisema walikuja na nguvu nyingi kuliko barabara ilivyoweza kupokea. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimelala chini ya Ford Mustang yangu huko Michigan, ndipo nilipotambua kwamba mifupa ya Comet na mifupa ya Mustang ni ukoo mmoja, kwani yote mawili yamezaliwa na Ford Falcon.

Nilifika Michigan mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kufunga matairi. Duka lenyewe lilikuwa kaskazini ya Detroit, na kila majira ya joto yalipokaribia, wazee walitoa magari yao ya ujana kwenye magereji na kutuletea: Pontiac GTO, Chevelle, Plymouth Road Runner, Mustang. Wamarekani huyaita magari ya misuli, na sifa yake kuu ni moja: injini kubwa iliyowekwa ndani ya gari la wastani. Pontiac ilipoiweka injini ya inchi za ujazo 389 kwenye GTO ya mwaka 1964, makampuni mengine yakafuata. Nguvu zikawa zinaongezeka kila mwaka. Chini, mambo yakabaki karibu vilevile: matairi membamba, breki za dramu kwenye magari mengi, usukani unaozunguka sana kabla gari halijageuka. Gari lililojengwa kwenda na kurudi dukani likapewa moyo wa mashindano. Anayetaka kulielewa gari la aina hii aanze na jambo hilo.

Matairi yake ya asili nayo yanahitaji kueleweka. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 magari haya yalitoka kiwandani na matairi ambayo nyuzi zake za ndani hupita mshazari na kukatizana. Michelin ilikuwa imepata hataza ya tairi la radiali mwaka 1946. Katika tairi hilo nyuzi hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na chini ya kashata kuna mkanda wa chuma. Ulaya walilipokea mapema, Marekani ikachelewa. Lincoln Continental Mark III ya mwaka 1970 ndilo gari la kwanza la Kimarekani kutolewa na radiali kama tairi lake la kawaida. Kwa hiyo magari ya misuli ya miaka ile, pembe za magurudumu yake, ugumu wa springi zake na hata upepo uliopendekezwa kwenye kitabu, vyote vilipimwa kwa tairi ambalo leo karibu hakuna anayelifunga. Ukiweka radiali na kuacha mengine yote kama yalivyokuwa, umelipa gari viatu vipya na kulitaka liendelee kutembea kwa mwendo wa viatu vya zamani.

Mteja mmoja wa duka letu alinunua mnadani gari la mwaka 1969 lililotunzwa vizuri mno. Rangi ilikuwa kama kioo. Matairi yalikuwa na kashata zote, na ubavuni yalikuwa yamepakwa dawa ya kung'arisha. Niliposoma namba inayofuata herufi za DOT, nikakuta inaishia na tarakimu tatu. Matairi yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 yana tarakimu nne, mbili za mwanzo zikiwa wiki na mbili za mwisho zikiwa mwaka. Namba 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tarakimu tatu maana yake tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na wakati huo mwaka 2000 ulikuwa umepita zamani. Nilimwonyesha nyufa nyembamba kama nywele kati ya kashata, pale dawa haikufika. Akanisikiliza kwa heshima, akasema gari halijatembea, matairi hayajatumika, na akaenda zake.

Alirudi wiki chache baadaye gari likiwa juu ya lori la kukokota. Akiwa kwenye barabara kuu ya I-75, mkanda wa kashata wa tairi la nyuma ulibanduka mzima mzima, ukawa unapiga ndani ya madigadi kama mjeledi hadi ukachana bati. Yeye alikuwa mzima, namshukuru Mungu. Alishuka akasimama kando ya gari lake, hakusema neno. Nami nilimhurumia, kwa kuwa hakuwa mzembe. Alikuwa amelipenda gari lake kwa macho, na macho yalimwambia kwamba tairi ni jipya. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa tu, na gari linalolala majira yote ya baridi huzeesha matairi yake bila kuyapunguza kashata. Hivyo gari la kale, linalotembea kidogo, ndilo lililo katika hatari kubwa zaidi kuliko teksi.

Miaka ya nyuma yake Marekani nzima ilikuwa imezungumza sana juu ya matairi. Agosti 2000 Firestone ilitangaza irudishiwe matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, kwa sababu ya kashata kubanduka. Mjadala mmoja mkubwa ulihusu upepo: kitabu cha gari kilielekeza psi 26, na wengi waliona ni mdogo mno kwa gari zito linalokimbia kwenye joto. Baada ya hapo Bunge lilipitisha sheria, na kutokana nayo magari mapya yakalazimika kuwa na kifaa cha kumwonya dereva upepo unapopungua. Magari ya mwaka 1966, kama Mustang yangu, hayana kifaa hicho. Yana dereva tu. Kitabu cha Mustang yangu kilisema psi 24, kipimo cha tairi la mshazari. Radiali niliyoifunga inataka 32, na ningefuata kitabu ningekuwa naiua taratibu huku nikijiona mwaminifu kwa gari.

Hiyo Mustang niliipata mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni ya mwaka 1966, V8 ya inchi za ujazo 289. Wajuzi watasema Mustang haihesabiwi kwenye magari ya misuli, na wana hoja yao, lakini chini yake shida ni zilezile. Ng'ambo ya barabara alikuwa akiishi mzee mmoja aliyestaafu kazi ya uinjinia katika kampuni ya magari. Alikuja siku ya pili tu baada ya gari kushushwa, amebeba kiti cha kukunja, akakaa. Hakuuliza habari za injini. Aliuliza, "Utaliendesha wapi?"

Lilikuwa swali geni kwangu. Nikamweleza: barabara za kawaida, kazini siku za jua, na Agosti kwenye msafara wa magari ya kale wa barabara ya Woodward. Akatikisa kichwa kukubali, akasema basi tusizungumzie kabisa vifaa vya mashindano. Wapo wanaonunua springi ngumu za uwanja wa mbio kwa gari linalokwenda kununua mkate, kisha wanashangaa kwa nini linawavunja mgongo na bado linaogopa kona. Swali lake hilo ndilo ninalowauliza wote wanaonijia, na mpwa wangu nimemuuliza pia.

Kazi yetu ya kwanza haikuwa na uzuri wowote wa kuonekana. Tuliondoa bushi za zamani ambazo mpira wake ulikuwa umegeuka unga, tukabadilisha bolijointi za juu na chini, tairodi zote, na shokapu. Halafu alinifundisha juu ya pembe ambayo mafundi huiita kasta. Ukilitazama gurudumu la mbele kwa ubavuni, mhimili unaogeukia unaweza kusimama wima au kulala kidogo kuelekea nyuma. Kwenye matairi ya mshazari, na usukani usiosaidiwa na pampu, viwanda viliusimamisha karibu wima ili usukani uwe mwepesi. Radiali inapenda ulale zaidi. Tulitoka kwenye digrii isiyozidi 1 tukafika 3, tukaegemeza sehemu ya juu ya magurudumu ndani kidogo, nusu digrii. Usukani ukawa mzito kidogo wakati wa kuegesha, na kwenye mwendo wa barabara kuu gari likanyooka. Kabla ya hapo nilikuwa nalisahihisha kila baada ya sekunde chache, bila kujua kwamba mikono yangu inachoka.

Jambo jingine aliloniletea lilikuwa karatasi yenye mchoro wa matundu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 injinia wa Ford aitwaye Klaus Arning aligundua kwamba ukiishusha amu ya juu ya gari hili kwa inchi moja, gurudumu la nje halilali tena juu ya ukingo wake gari linapoinama kwenye kona. Linabaki limekanyaga kwa upana wake wote. Carroll Shelby alilitumia wazo hilo kwenye GT350 ya mwaka 1965, gari ambalo Ken Miles alishiriki kulijaribu na kulisawazisha, na katika uzalishaji wa mwaka 1966 likaachwa ili kupunguza gharama. Tulihitaji mchoro, keekee na ncha kali. Tulitoboa matundu mapya chini ya yale ya zamani, tukafunga amu ileile mahali papya. Gharama yake haikufika bei ya rimu moja. Nimewahi kufunga vifaa vya maelfu ya dola kwenye magari ya watu, na sijaona kingine kilicholibadilisha gari kwa kiasi kile kwa fedha ile.

Tulifunga pia upau wa chuma unaounganisha minara ya springi na ukuta wa nyuma ya injini. Upau huo Ford waliufunga kwenye Mustang zilizokwenda kuuzwa nchi za nje, ambako barabara zilidhaniwa kuwa mbovu kuliko za Marekani. Nilifurahi kuufunga Michigan. Maji huingia kwenye nyufa za lami, yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, lami hupasuka, na ifikapo Machi kuna mashimo ambayo dereva wa Korogwe angeyatambua mara moja.

Ndipo tukafika kwenye rimu. Za asili zilikuwa za inchi 14, nyembamba, zilizovaa tairi la kipimo cha 6.95-14 lenye kipenyo cha karibu milimita 640. Mzee akanifundisha kuanza na namba hiyo ya 640, kwa sababu kipenyo cha tairi ndicho kinachoamua kama spidomita itasema kweli, kama gia zitakaa mahali pake, na kama gurudumu litaenea ndani ya madigadi. Tairi la 215/60R15 lina ubavu wa asilimia 60 ya milimita 215, yaani 129. Zidisha kwa mbili, ongeza inchi 15 ambazo ni milimita 381, unapata 639. Tairi likapatikana kwa hesabu ya penseli, na tairi ndilo lililotuambia rimu: inchi 15 kwa upana wa inchi 7.

Kilichobaki ni kina, na hapa ndipo vijana wengi hupotea. Rimu mbili zenye kipenyo kimoja na upana mmoja zinaweza kukaa mahali tofauti kabisa, kutegemea uso unaogusa habu uko ndani kiasi gani. Laza rimu kifudifudi, weka rula ndefu juu ya ukingo wa nyuma, pima kutoka kwenye rula kwenda chini hadi kwenye uso huo. Kipimo hicho kikiwa kidogo mno gurudumu hutokeza nje, likakwaruza madigadi, likaongeza uzito wa usukani na kuzitesa beringi. Kikiwa kikubwa mno, tairi hugusa tairodi au amu. Kwa gari langu inchi 4 na robo zilifaa. Kabla ya kulipa senti tulikata duara la mbao lenye kipenyo cha 640, tukalifunga kwenye habu kwa kina kilekile. Tulikuwa tumeitoa springi, kwa hiyo tuliweza kuinua amu kwa jeki hadi mwisho wa safari yake, na nikazungusha usukani kutoka pembe moja hadi nyingine huku mzee akiwa amelala chini na tochi. Alipitisha kidole kati ya mbao na bati. Kidole kilipita kila mahali. Alisema, "Agiza."

Niliagiza rimu zenye miguu mitano, za kijivu, za mtindo uliokuwa ukivaliwa na magari ya mbio ya miaka ya 1960. Ni nzuri, sikatai. Napenda uzuri wa rimu kama anavyoupenda mpwa wangu, na nisingeendesha gari lenye rimu zinazoniudhi macho. Lakini uzuri ulichaguliwa kati ya rimu zilizokwisha kufaa.

Rimu za inchi 20 zina shida nyingine mbali na matundu. Chevelle ikivaa 235/60R15, ubavu wa tairi ni milimita 141. Ikivaa 245/35R20, ubavu ni 86. Hizo milimita 55 zilizopotea zilikuwa mto uliokuwa ukipokea kishindo cha shimo kabla hakijafika kwenye rimu, bolijointi na mwili wa gari. Rimu kubwa aghalabu huwa nzito zaidi, na uzito ulio chini ya springi ndio ambao shokapu inatakiwa kuuzuia usiruke. Gari lililoundwa kwa inchi 14 halikupewa shokapu wala bushi za kazi hiyo.

Nimeliona hilo likitokea dukani. Kijana mmoja alileta gari la mwaka 1971 lililoshushwa kwa kukata springi kwa moto wa gesi. Joto lilikuwa limeua ugumu wa chuma karibu na pale palipokatwa, na springi zilikuwa zimekaa vibaya kwenye vikalio vyake. Amu ilikuwa ikigonga mpira wa kuzuia kwenye kila tuta, na mpira wenyewe ulikuwa umebaki kipande. Rimu ya mbele ilikuwa na ufa tangu ukingoni hadi karibu na mguu wake. Matairi yalikuwa yameliwa kwa ndani hadi nyuzi za chuma zikaonekana, wakati kwa nje yalikuwa na kashata safi, na kwa nje ndiko alikokuwa akitazama. Alikuwa amekuja kuomba alaimenti tu. Tulimweka chini tukampa kikombe cha kahawa, tukampeleka chini ya gari ajionee mwenyewe. Hakuna fundi aliyemdhihaki. Aliliacha gari, na kwa miezi kadhaa alikuwa akileta fedha kidogo kidogo hadi springi sahihi zikafungwa: zilizotengenezwa zikiwa fupi kwa inchi moja, pamoja na shokapu za urefu unaolingana nazo.

Kila Agosti, tangu mwaka 1995, barabara ya Woodward kutoka Ferndale hadi Pontiac hujaa magari ya kale. Watu huweka viti kando ya barabara tangu asubuhi. Mimi hupita kwa miguu nikitazama chini, na naweza kukuonyesha magari ya bei ya nyumba yaliyovaa matairi yaliyozeeka kuliko wajukuu wa wenye magari. Naweza pia kukuonyesha Chevrolet Nova moja yenye rangi iliyofifia ambayo kila kiungo chake cha chini ni kipya, na mwenyewe huja nayo akiiendesha kutoka jimbo jingine. Macho yangu huenda kwenye hiyo.

Nikirudi nyumbani hupita mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kuwasalimia mafundi niliokua nao. Vijana wanaoleta Mark II wana bahati moja: duara la stadi zake ni milimita 114.3, sawa kabisa na la Mustang na la magari mengine mengi, kwa hiyo rimu za kuchagua ni tele. Wingi huo nao una mtego wake. Tundu la katikati la Toyota hiyo linataka milimita 60.1, na rimu nyingi za kuuzwa kwa magari ya kila aina zina tundu kubwa zaidi. Zisipowekewa pete ya kujazia nafasi, gari hutetemeka mwendo ukiongezeka, na mtu hulipa balansi mara kwa mara bila kupona. Pete hizo ni vitu vya bei ndogo. Muuzaji wa rimu ndiye anayepaswa kuzitaja, na mara nyingi hazitaji.

Kuna kitu kinachonitia uchungu zaidi, nacho ni matairi ya mtumba. Yanapangwa yamepakwa weusi, kashata zimejaa, na kijana anayehesabu noti zake anaona amepata nafuu. Watengenezaji kadhaa wa magari husema tairi libadilishwe likifika miaka 6, na Michelin husema lisipite 10 kwa hali yoyote, hata likionekana zima. Tairi lililotupwa nchi nyingine kwa sababu ya umri halikurudishiwa ujana wake kwa kupanda meli, na joto la Pwani linaliharakisha. Nawaelewa wanaoyanunua, kwa kuwa tairi jipya ni fedha nyingi. Ila mtu aliyetoa laki kadhaa kwa rimu, kisha akafunga juu yake tairi la mtumba la miaka 12, fedha alikuwa nazo.

Mpwa wangu ameziuza zile rimu kwa mwenye gari linalostahili kuzivaa. Sasa anabadilisha bushi na bolijointi, na kila Jumapili hunipigia akiwa na mafuta mikononi. Rangi ya rimu zake za inchi 15 bado hajaamua, na simharakishi.

Wewe unayesoma, kama una gari, la kale au la juzi, toka nje kabla giza halijaingia. Tafuta herufi DOT ubavuni mwa kila tairi, na usipoona tarakimu za mwisho basi zimo upande wa ndani, ingia chini na tochi uzisome. Usilisahau tairi la akiba. Ukikuta tarakimu tatu, au mwaka unaoonyesha kwamba tairi limepita miaka kumi, litoe hata kama kashata zake zimejaa, na mwambie fundi alichane kwa kisu ili asije akaliuza kwa mwingine.